Muulize Dobi: "Mwanangu yuko New York, mbona bado anabeba furushi la nguo?"

*Mzee Dobi, habari ya siku nyingi. Mimi ni mama wa mapacha, naishi Kireka, jirani na Kampala. Kato wangu alikwenda Marekani mwaka juzi, anakaa Bronx, huko New York. Jumapili iliyopita nilimpigia simu ya video nikamkuta barabarani, begani kabeba mfuko mkubwa kama gunia la mkaa. Nikamuuliza, umehama nyumba? Akacheka, akasema anakwenda kufua. Nyumbani kwake hakuna mashine, na jengo zima la ghorofa tano halina. Anafua mara moja kila wiki mbili, kwa sarafu, kwenye duka la mtaa wa pili. Mzee, mimi hapa nafua uani kwangu siku ninayotaka. Nilidhani Marekani kila nyumba ina mashine. Mwanangu ananificha shida? Nimeanza kufikiria kumtumia pesa. — Nalongo, Kireka*

Nalongo, pesa zako zifungie kwanza kwenye leso. Mtoto hajakudanganya wala hajaanguka. Barua yako niliisoma kwa sauti hapa dukani, vijana wa pasi wakaacha kazi kusikiliza, na mmoja akasema, "Kumbe afadhali Kireka!" Nikamwambia aangalie asiunguze shuka la watu.

Lifikirie jengo la Kato. Majengo mengi ya huko Bronx ni ya zamani, ya kabla ya vita vya pili vya dunia, na walioyajenga hawakuwaza kwamba siku moja kila mpangaji atataka mashine yake. Bomba la maji machafu linateremka kutoka juu hadi chini, sinki moja chini ya jingine. Mashine ikimaliza kufua humwaga maji yake kwa mkupuo, povu na yote. Bomba likiwa jembamba au limeziba nusu, maji hayo hutafuta pa kutokea, na mara nyingi pa kutokea ni sinki la mama wa ghorofa ya chini. Mwenye nyumba hataki kesi hiyo. Ndiyo maana mikataba mingi ya upangaji kule inamkataza mpangaji kuweka mashine bila idhini. Majengo mengine yana chumba cha mashine chini kabisa, la Kato halina. Basi.

Na duka analokwenda si la aibu, wala si jambo la jana. Mwezi Aprili 1934, mjini Fort Worth, jimbo la Texas, lilifunguliwa duka lenye mashine nne za umeme zilizokodishwa kwa saa. Wakaliita Washateria. Ilikuwa miaka ya ule mdororo mkubwa wa uchumi: pesa ya kununua mashine watu hawakuwa nayo, lakini ya kukodi saa moja waliipata. London duka la namna hiyo lilifika mwaka 1949, mtaa wa Queensway. Siku hizi New York unaweka sarafu za robo dola, au kadi, unakaa kwenye benchi unangoja. Ukichoka kungoja, unawaachia mfuko wanakufulia na kukukunjia wenyewe, na malipo ni kwa ratili. Ndiyo, Nalongo, nguo zinawekwa kwenye mizani kama nyama ya Krismasi.

Mimi kazi hii nilizaliwa ndani yake. Mama alikuwa akifua sare za askari kambini Jinja, na Kiswahili changu na harufu ya buluu ya kung'arishia nguo nilivipata mahali pamoja. Wanga tulitengeneza wenyewe: uji mwepesi wa muhogo uliochujwa kwa kitambaa. Usipochuja vizuri, pasi ya mkaa inakamata kidonge, sare inapata doa la kahawia, na wewe unapata kofi. Baadaye nikafanya miaka mitano Dubai, kwenye dobi la hoteli, kisha nikarudi Kampala na kufungua kibanda changu. Katika kuzunguka huko nimezoea kuuliza swali moja nikifika mji wowote: hapa kinachobana ni nini? Maana kufua kunahitaji maji ya kuingia, maji ya kutoka, saa za mtu na mahali pa kuanika. Sijaona mji ambao vyote vinne vinapatikana kwa urahisi kwa kila mtu. Kwa Kato kinachobana ni maji ya kutoka. Utajiri wa Marekani hauwezi kupanua bomba la mwenye nyumba asiyetaka kulipanua.

Dubai kilichonibana mimi ni kamba. Maji yapo, ya bahari iliyotolewa chumvi, na jua liko hadi la kugawa. Lakini manispaa inakataza kuanika nguo kwenye roshani, kwamba zinaharibu sura ya mji, na faini ipo. Sasa picha yangu ilikuwa hii. Mchana nasimama mbele ya mashine ya kupiga pasi ndefu kama meza ya karamu, shuka zinaingia mbichi upande huu na kutoka upande ule zimenyooka kama karatasi. Usiku narudi kwenye chumba cha watu wanane, nafua shati langu moja kwenye ndoo, naliangika kwenye chuma cha kitanda cha juu, na linakaushwa na eya kondishena. Nje joto digrii arobaini, ndani shati linadondosha matone usoni mwa Mnepali anayelala chini yangu. Hakulalamika hata siku moja. Mungu ambariki popote alipo.

Mwenzangu wa mashine ya kukamua alikuwa mtu wa Mumbai. Kwao, karibu na stesheni ya Mahalaxmi, kuna Dhobi Ghat: mabirika ya saruji safu kwa safu, wazi chini ya mbingu, tangu mwaka 1890, na kila birika lina jiwe lake la kupigia nguo. Hilo jina letu la dobi limetoka kwao. Shuka za hoteli na za hospitali, mashati ya makarani, vyote hufuliwa pale na kurudi kwa wenyewe, kwa sababu ya alama ndogo inayowekwa mahali pasipoonekana. Alinifundisha kuweka alama yangu upande wa ndani wa ukosi, na mpaka leo nashona uzi pale pale. Mji kama huo, mtu mwenye nafasi hana haja ya mashine wala ya duka la sarafu. Mtu mwingine ndiye anayesimama ndani ya maji hadi magotini kwa niaba yake.

Sasa nikurudie wewe, Nalongo, na usinikasirikie. Unasema unafua siku unayotaka. Unafua siku unayotaka kwa sababu una ua na una bomba. Teremka upande wa Kinawataka uwaulize akina mama wa kule. Yule anayekaa kwenye muzigo, chumba kimoja cha kupanga, ananunua maji kwa kidomola, lile dumu la lita ishirini. Kufua, kusuuza mara mbili, nguo za watoto wanne: vidomola vitano vimekwisha, lita mia, na kila kimoja kimepandishwa mlima kwa mkono au kwa mgongo wa boda boda. Siku bomba likikauka bei inaruka mara mbili, na sare za shule zinangoja. Kati yake na wewe ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, lakini kwa mambo ya kufua mko miji miwili tofauti.

Kuna mwanamke mmoja wa Liverpool nampenda sana, Kitty Wilkinson, mhamiaji kutoka Ireland. Mwaka 1832 kipindupindu kiliingia mjini, na katika mtaa wao yeye ndiye aliyekuwa na tanuri la kuchemshia maji. Akawafungulia majirani mlango, waje wachemshe nguo na matandiko ya wagonjwa jikoni kwake. Kwa juhudi hizo Liverpool ikapata nyumba ya kufulia ya umma mwaka 1842, Frederick Street. Sikwambii ufungue mlango, wewe una mapacha na shughuli zako. Lakini kama unataka kutoa pesa kwa ajili ya mtu mwenye shida ya kufua, usihangaike kuituma Bronx.

Kato mtumie ushauri tu. Ile mashine ya kukaushia ya dukani ina moto mkali. Shati la kitenge likiingia mara tatu litatoka limepauka na limefupika hadi kitovuni. Alitoe likiwa bichi, aliangike bafuni. Tena asizikimbie mashine kwenda kununua kahawa: zikimaliza na yeye hayupo, mtu anayengoja atazitoa nguo zake, na hatajua zimewekwa wapi.

*Mzee, sisi ni wapangaji wanane kwenye vyumba vya muzigo hapa Nansana na waya wa kuanikia ni mmoja. Kuna jirani anaanika Jumamosi alfajiri na kuanua Jumapili jioni. Ukisogeza hata soksi yake, ni vita. Mimi sasa naanika ndani, juu ya kitanda, na nguo zinanuka. Nianike chini ya mwembe wa jirani? Au twende kwa mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa? — Mpangaji aliyechoka, Nansana*

Ndugu yangu, kabla ya LC nenda dukani. Mita ishirini za waya na misumari minne ya inchi nne, wapangaji wanane mkichanga, hakuna atakayeumia. Nguzo muombe mwenye nyumba. Akikataa nguzo, muombe ruhusa ya kupigilia ukutani. Kesi nyingi za waya nilizosikia kwa wateja wangu hazikuhitaji hakimu, zilihitaji waya wa pili.

Lakini huyo jirani wa Jumamosi mpaka Jumapili hata nyaya tatu atazijaza. Dawa yake niliiona Stockholm. Mwaka 2019 binti yangu aliyeolewa Uswidi aliniita nikakae naye miezi miwili. Majengo mengi ya kule yana chumba cha kufulia cha wote, huko chini, na gharama yake imo ndani ya kodi. Utaratibu huo ulianza miaka ya 1920. Ukutani kuna ubao wenye siku na saa, na kila nyumba ina kufuli yake ndogo: unaichomeka kwenye saa unayotaka, na saa hiyo ni yako, mashine zote ni zako, na kabati la kukaushia ni lako. Hakuna mwingine anayeingia. Majengo mapya wanatumia kadi au simu, lile la binti yangu lilikuwa bado na kufuli.

Mimi, mtaalamu kutoka Kampala, nikajitolea kuwafulia. Nikanyoosha, nikakunja kama nilivyozoea hotelini, nikajisahau. Kumbe zamu imekwisha. Niliporudi kuchukua beseni la pili nikakuta karatasi imebandikwa mlangoni kwa gundi. Binti akanisomea: saa yako iliisha saa nane, sasa ni saa nane na dakika kumi na mbili, na chujio la nyuzi hukulisafisha. Hakuna jina. Binti alicheka hadi akakaa chini, akasema sasa nimekuwa mwenyeji, maana karatasi hizo ni mila ya huko. Mimi sikucheka. Wiki nzima nilipokutana na majirani kwenye ngazi niliwatazama viatu, nikitafuta ni nani aliyeandika. Nilijiona kama mwizi wa kuku.

Basi fanyeni hivi. Chukueni kipande cha maboksi, chora siku saba, asubuhi na alasiri, kila chumba kiandike namba yake. Zamu ikiisha, mwenye zamu inayofuata ana ruhusa ya kuanua. Ila anaziweka kwenye beseni la mwenyewe, amekunja, hatupi kwenye majani. Hilo la kukunja ndilo linalozuia vita, usilidharau. Jirani yako akikuta suruali zake zimekunjwa vizuri kuliko anavyokunja yeye, atakasirika kimya kimya. Mvua za Machi hadi Mei zikianza zamu zitavurugika, mtapatana tena upya.

Mwembe uache. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizo kivulini, na chini ya mti kama huo ndipo anapopenda. Nguo ikivaliwa bila pasi, kifunza kinaingia kwenye ngozi, na baada ya siku chache una kitu kama jipu chenye tundu dogo katikati, na ndani yake unahisi kitu kinacheza. Nimeona mtoto mchanga ana sita mgongoni, mama anadhani ni joto. Usikamue kwa nguvu, kikipasukia ndani inakuwa mbaya. Watu hupaka vaselini nzito juu ya tundu, kinakosa hewa, kinatoa kichwa, na hapo kinatolewa. Kwa mtoto mdogo, nenda zahanati. Lililo bora ni pasi ya moto, nje na ndani, hasa kwenye mishono, kiunoni mwa suruali, na nepi. Mama yangu hakujua jina la nzi huyo, lakini hakuna chupi iliyotoka kwake bila kupita chini ya mkaa.

Mpaka waya wa pili ufike, endelea kuanika ndani, ila nguo zipeane nafasi ya kiganja, na dirisha liwe wazi. Kabla ya kuanika, ikunje nguo ndani ya taulo kavu, uikanyage kwa miguu. Taulo linakunywa maji mengi, na ile harufu haipati muda wa kuzaliwa.

*Mzee Dobi, shemeji yangu wa Birmingham alinitumia mashine ya kufulia aliyoitumia miaka minne. Fundi ameiunga na tangi langu la paani. Inaanza, inanguruma kidogo, halafu inasimama na kuwasha taa nyekundu. Fundi anasema imekufa na yuko tayari kunisaidia kwa kuinunua kwa bei ya chuma chakavu. Pia mke wangu anauliza kama kanzu yangu ya harusini inaweza kuingia humo. — Baba Shamim, Entebbe*

Baba Shamim, huyo fundi mwangalie sana. Mtu anayetaka kununua maiti ana habari kwamba inapumua.

Umeme si tatizo: wa Uingereza na wetu ni ule ule, hata plagi ya pini tatu bapa ni ile ile. Ingetoka kwa Kato wa Nalongo ndiyo ningekwambia usiichomeke, kwa sababu Marekani ni volti 120 na ungesikia harufu kabla ya kuona moshi. Mimi nadhani mashine yako ina kiu. Maji yakiteremka kutoka mita kumi yanapata msukumo wa bar moja. Mashine nyingi zinataka angalau nusu ya hapo, yaani sakafu ya tangi iwe kama mita tano juu ya pale mpira unapoingia mgongoni mwa mashine. Tangi la juu ya nyumba isiyo ya ghorofa linakupa mita mbili, tatu. Mashine inafungua mlango wa maji, inangoja, inaona yanakuja kama machozi, inakata tamaa na kuwasha taa. Pampu ndogo ya kusukuma maji itamaliza kazi, ni rahisi kuliko kujenga mnara.

Kabla ya kununua pampu, fungua mpira ule wa nyuma. Ndani kuna kichujio kidogo cha waya, ukubwa wa kizibo cha soda. Kivute kwa koleo, kisugue kwa mswaki wa zamani. Nimewahi kukuta kimejaa kutu na tope la tangi hadi hakipitishi hata pumzi. Na kama mashine yenyewe ni ya zile za kizamani zenye mipira miwili, wa maji moto na wa baridi, usiuache mmoja ukining'inia. Nunua kiungo chenye umbo la herufi Y, uilishe yote miwili maji baridi.

Ikishaamka, tumia programu ya baridi. Kinachomaliza Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, ni kuchemsha maji, kule kuzungusha ni kidogo tu. Na mwambie mama Shamim kwamba kwa maji itamshangaza: mashine ya mlango wa mbele hutumia kama lita hamsini kwa mzigo mmoja, ambavyo ni vidomola viwili na nusu. Kwa mkono, mzigo ule ule ungekula zaidi.

Kuhusu kanzu: kitambaa cheupe hakina wasiwasi, wasiwasi uko kwenye ile nakshi ya damu ya mzee kifuani. Lowesha kipande cha kitambaa cheupe, kiweke juu ya nakshi, gandamiza kwa pasi ya moto wa wastani huku ukihesabu hadi ishirini. Kinyanyue ukitazame penye mwanga. Kikitoka cheupe, igeuze kanzu ndani nje na iingie peke yake. Kikitoka na wekundu, hata kidogo, niletee hapa dukani nitaifua kwa mkono, na sabuni ije na wewe.